Vidoti vyeusi usoni si uchafu: tutunze ngozi bila kuiharibu



Kuna swali moja ninaloulizwa mara nyingi kuliko maswali ya mbegu na mbolea, sana sana wakati kolasyo inakaribia na kila mtu anataka picha nzuri akiwa na toge: «Mukubwa, hivi vidoti vyeusi vya kwenye pua, nivitoshe na nini?» Ni vile ambavyo kwenye tube za farmasi vimeandikwa «points noirs». Wengine wanauliza kwa sauti ya chini, kama vile ni haya. Haiko haya hata kidogo. Karibu kila kijana anavipata.

Mimi si muganga wa ngozi. Nina lisansi ya agronomia, kazi yangu ni udongo. Lakini agronomia inafundisha vitu vitatu vinavyofaa hapa pia: kutambua kitu kabla ya kukipiga dawa, kusoma etiketi, na kuheshimu dozi. Nimesoma juu ya jambo hili, nimeuliza wanaojua, na leo nawaandikia yale yaliyo hakika.

Neno langu kubwa ni hili: kwa ngozi nyeusi kama yetu, kidoti chenyewe si hatari. Hatari ni kile tunachofanya ili kukitoa. Kidoti hakiumi wala hakimsumbui mtu. Lakini doa linalobaki baada ya kukamua linaweza kukaa miezi mingi, na krema tunayonunua ili kufuta lile doa inaweza kuharibu uso kwa miaka.

KWANZA TUJUE NI NINI

Ngozi ya uso ina vitundu vidogo sana. Ndani ya kila kitundu mna shina la kinyweleo na tezi ndogo inayotoa mafuta. Mafuta hayo ni ya lazima, yanalinda ngozi isikauke. Wakati huohuo ngozi inajibadilisha: seli za zamani zinakufa na kudondoka, mpya zinapanda kutoka chini, na mzunguko huo unachukua karibu wiki 4. Shida inaanza wakati seli zilizokufa hazidondoki vizuri. Zinashikana na mafuta, zinafanya kizibo ndani ya kitundu. Kitundu kikifungwa juu, tunaona kipele kidogo cheupe. Kikibaki wazi, kichwa cha kizibo kinakutana na hewa na kinakuwa cheusi.

Juu ya nini kinakuwa cheusi? Njo hapa wengi tunapotea. Ule weusi si vumbi la Boulevard de la Libération, hata kama mwezi wa kwanza vumbi hilo linatuvaa sisi wote. Ni melanini, rangi ileile inayotupatia ngozi yetu, pamoja na mafuta yaliyobadilika kwa sababu ya oksijeni. Kata avoka, iache kwenye meza, rudi baada ya saa moja: imekuwa nyeusi, na hakuna mtu aliyeipaka matope. Kwa hiyo hata ukisugua uso asubuhi, saa sita na jioni, weusi hautoki. Hauko juu ya ngozi, uko ndani ya kizibo.

Waganga wa zamani kule Ulaya walidhani kile kinachotoka ukikamua ni mnyoo mdogo. Jina la kisayansi, komedo, linatoka kwenye neno la Kilatini la mlafi, yule anayekula sana. Kumbe hapakuwa mnyoo, hapakuwa uchafu.

Na kuna jambo la pili. Vile vidoti vidogo vya rangi ya kijivu, vilivyopangwa sawasawa juu ya pua, vyote saizi moja, mara nyingi si komedo. Ni nyuzi za mafuta za kawaida, watu wazima karibu wote tunazo. Ukizikamua leo, ndani ya wiki chache zimejaa tena. Kupigana nazo ni sawa na mtu anayeingia shambani kupalia, anang'oa mahindi akisema ni majani. Komedo ya kweli ni nyeusi zaidi, ni kubwa kuliko zile za pembeni, haina mpango, na ukipitisha kidole unasikia kama kuna kitu kigumu. Jiangalie vizuri kwenye mwangaza wa mchana. Wengi mtagundua kwamba hamna ugonjwa.

VITU VYA KUACHA LEO

Kusugua kwa nguvu. Kisugulio cha mwili, mchanga, sukari, chumvi: vyote vinachubua ngozi ya juu na kuacha kizibo mahali pake. Ngozi iliyochubuka inavimba, na uvimbe unafunga vitundu zaidi.

Sabuni ya kufulia. Sisi wa agronomia tunapima pH ya udongo kabla ya kupanda. Ngozi nayo ina pH yake, karibu 5, ni asidi kidogo, na asidi hiyo inasaidia kuilinda na mikrobi. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 mpaka 10. Ukiipaka usoni mara 4 kwa siku, ni kama kumwaga chokaa kila wiki kwenye shamba ambalo halikuiomba. Ngozi inakauka, inawasha, inapasuka.

Limau na ndimu. Watu wanasema ni dawa ya asili, haiwezi kudhuru. Limau ni asidi kali, na maji ya ndimu na maganda yake yana kemikali zinazoamka zikipigwa na jua. Mtu anaweza kuungua mpaka malengelenge, kisha likabaki doa jeusi. Na sisi hapa Bunia tuko karibu na ikweta, juu zaidi ya mita 1,200. Jua la hapa si la mchezo.

Dawa ya meno na bikarbonati. Moja ilitengenezwa kwa meno, nyingine inapandisha pH. Zote mbili zinaunguza.

Aspirini ya kusaga. Ni kweli aspirini na asidi salisiliki, ambayo nitaizungumzia chini, ni ndugu. Lakini ndugu si mtu yuleyule. Unga wa kidonge usoni hauna dozi inayojulikana, na unachubua.

Maski nyeusi za kubandua. Zinang'oa kichwa cha kizibo na vinyweleo vidogo, pamoja na ngozi ya juu. Mzizi wa kizibo unabaki. Ni kama kukata majani kwa panga: baada ya mvua mbili yamerudi.

Kukamua na kucha, pini au sindano. Hili njo baya kuliko yote. Ukibinya vibaya, kizibo kinapasuka kuelekea ndani, mafuta na mikrobi vinaingia kwenye nyama. Kile kilichokuwa kidoti kimya kinakuwa chunusi yenye usaha. Na eneo la pua mpaka pembe za mdomo lina mishipa ya damu inayowasiliana na ile iliyo nyuma ya macho, ndani ya kichwa. Ni mara chache, lakini maambukizo ya pale yamekwisha kupeleka watu lopitali.

KUTOKA KIDOTI MPAKA KREMA

Sasa tufike kwenye jambo linalonifanya niandike.

Ngozi yenye melanini nyingi ikiumizwa, inajibu kwa kutoa melanini zaidi pale palipoumizwa. Njo maana kwetu kidonda kidogo kinaacha doa jeusi. Mwenye ngozi nyeupe anabaki na alama nyekundu inayopotea, sisi tunabaki na doa la miezi 3, 6, hata mwaka. Doa hilo si kovu, litaondoka lenyewe ukiliacha na ukiikinga ngozi na jua. Lakini nani ana subira?

Dada mmoja tuliyesoma naye alianza hivyohivyo. Vidoti vichache kwenye pua na mashavu. Akakamua. Madoa yakaja. Akanunua krema ya kuchanganya, ile wanauza kwenye kikopo bila etiketi. Wiki mbili za kwanza uso uling'aa, sisi wote tukamsifu. Mwezi wa tatu akaanza kutoka chunusi nyingi, saizi moja, paji na kidevu. Akaongeza krema. Alipojaribu kuiacha, uso ukawaka kama pilipili, ukawa mwekundu, akarudi kuipaka ili apate usingizi. Aliacha kuja kwenye kurse. Alipofika kwa muganga, jibu lilikuwa fupi: krema ina kortikoidi. Amenikubalia niyaandike haya bila jina lake, ili wadogo wasipite njia ileile.

Tuelewe kilichomo kwenye vikopo vile.

Kortikoidi ni dawa ya kweli, muganga anaiandika kwa magonjwa fulani ya ngozi na kwa siku chache. Ukiipaka usoni miezi, inakonda ngozi, inaleta chunusi, michirizi na vinyweleo. Vidonda vinachelewa kupona.

Hidrokinoni inazuia ngozi kutengeneza melanini. Kwenye mkono wa muganga ni dawa yenye dozi na muda. Ikitumiwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, inaweza kuleta kinyume chake: rangi ya bluu-nyeusi kwenye mashavu, ambayo ni shida sana kuiondoa. Waganga wa Afrika Kusini waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1975, na nchi ile ikaikataza kwenye vipodozi mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliikataza kwenye krema za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Jirani zetu wa Rwanda, kuanzia mwisho wa 2018, walipita madukani wakikusanya krema hizo.

Zebaki, ile tunayoita merkiri. Wenye ndugu kwenye machimbo ya Mongbwalu wanaijua: njo inashika unga wa dhahabu. Hiyohiyo imekutwa kwenye sabuni na krema za kung'arisha, na inapita kwenye ngozi, inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga kwamba baada ya 2020 vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa milioni visitengenezwe wala kuvushwa mipaka. Mkataba ni mzuri, lakini kikopo kisicho na etiketi hakisomi mikataba.

Kwa hiyo soma etiketi. Ukiona «clobetasol», «betamethasone», «hydroquinone», «mercury», «mercure» au «calomel», rudisha mezani. Kama hakuna etiketi, hiyo peke yake ni jibu. Hakuna agronomu anayemwaga kwenye shamba lake bidon isiyo na jina. Uso wako ni kidogo kuliko shamba?

NAMNA YA KUFANYA NYUMBANI

Hatua hizi haziombi pesa nyingi. Zinaomba subira.

1. Osha uso mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, na tena kama umetoka jasho jingi. Tumia vidole, maji safi ya uvuguvugu au ya baridi, na sabuni laini ya uso, ile isiyo na harufu kali. Suuza vizuri. Usipanguse kwa nguvu, gusagusa tu na taulo safi ambayo ni yako peke yako. Kama maji yako ni ya kuchota na yamekaa siku nyingi kwenye bidon, yachemshe, yaache yapoe.

2. Angalia mafuta yako. Siagi ya kakao na mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu na viwiko, lakini usoni, kwa mwenye vidoti, yanaziba vitundu. Mafuta ya nywele nayo yanashuka kwenye paji. Tangu 1970 waganga wa Marekani waliandika juu ya chunusi za paji zinazoletwa na pomadi ya nywele. Wanaosuka na wanaopaka mafuta kichwani, tieni kidogo, na fueni foronya ya mto kila wiki.

3. Chagua dawa moja ya kufungua vitundu. Kuna mbili zinazojulikana vizuri. Ya kwanza ni asidi salisiliki, ya 0.5 mpaka 2 kwa mia. Jina lake linatoka kwenye mti uitwao kwa Kilatini Salix, ambao magome yake yalitumiwa tangu zamani kutuliza homa na maumivu. Inapenda mafuta, kwa hiyo inaweza kuingia ndani ya kizibo na kukilegeza. Anza jioni 3 kwa wiki, kisha ongeza kama ngozi inakubali. Mwenye mzio wa aspirini asiiguse. Ya pili ni adapaleni ya 0.1 kwa mia, inayofundisha seli kudondoka vizuri. Chukua kiasi cha punje moja ya soya kwa uso mzima, usiku, kwenye ngozi kavu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mwanamke mwenye mimba, au anayetafuta mimba, asitumie adapaleni. Usianze zote mbili kwa pamoja: uso ukiwaka, hutajua ni ipi imeleta shida. Katika labo tunabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hata hapa ni vilevile.

4. Kama una chunusi zenye usaha pia, peroksidi ya benzoili ya 2.5 kwa mia inaua mikrobi. Lakini inafuta rangi ya nguo na taulo, tumia taulo nyeupe.

5. Paka krema nyepesi ya kulainisha, hata kama ngozi yako inatoa mafuta. Tafuta neno «non comédogène» kwenye etiketi. Mchana jikinge na jua: krema ya jua ya 30 au zaidi kama uwezo upo, kofia pana kama uwezo haupo. Bila hiyo, madoa ya zamani hayatapotea haraka.

6. Kitambaa cha uvuguvugu. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, kiweke usoni dakika 5 mpaka 10. Vitundu havina milango ya kufunguka na kufungwa, lakini joto linalainisha mafuta. Usiinamie sufuria inayochemka, watu wanaungua.

7. Na kukamua? Ushauri bora ni kuacha. Kama komedo imelegea kabisa, iko wazi na ngozi ya pembeni haijavimba, osha mikono, kata kucha, funga vidole viwili na karatasi laini safi, baada ya kitambaa cha uvuguvugu, sukuma polepole kutoka pembeni. Ikitoka, ni sawa. Isipotoka mara ya kwanza, acha. Isiyo tayari leo itakuwa tayari wiki ijayo. Kipele kilichovimba, chenye maumivu au kisicho na mdomo, usikiguse kabisa.

Wiki za kwanza unaweza kuona ngozi inakauka na vipele vinaongezeka kidogo. Ukiona inawaka sana, punguza siku. Matokeo yanaonekana baada ya wiki 8 mpaka 12. Najua ni muda mrefu. Lakini hata maharagi uliyopanda leo hutayala wiki ijayo, na hakuna mtu anayeyavuta kwa mkono ili yaote haraka. Piga picha moja kila wiki 2, mahali palepale, mwangaza uleule. Kioo cha kila asubuhi kinadanganya, picha hazidanganyi.

WAKATI WA KUONA MUGANGA

Usibaki nyumbani kama una mavimbe makubwa ya ndani yenye maumivu, kama makovu yameanza kuchimba ngozi, au kama baada ya dawa hizi, miezi 3 imepita bila mabadiliko. Dada mwenye chunusi nyingi pamoja na siku zake zisizo na mpango na ndevu kwenye kidevu, azungumze na muganga, inaweza kuwa jambo la homoni. Ukikamua kitu, kisha uso ukavimba karibu na jicho na homa ikapanda, ni lopitali siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Na wewe ambaye umekwisha kutumia krema ya kikopo miezi mingi: usione haya, na usiikate ghafla peke yako. Peleka hata hicho kikopo kwa muganga, aone, akupangie namna ya kushuka polepole. Uso utawaka kwa muda. Kisha ngozi inapumua, na mara nyingi inarudi.

Wadogo zangu, tutatafuta kazi, tutapiga picha za dosye, tutaoa na kuolewa. Hakuna mahali ambapo vidoti vitatu kwenye pua vimefunga mlango. Osheni uso polepole, someni etiketi, na mikono iwe mbali na mashavu.